Zoezi la Kutazama, Dakika Ishirini

Madamu Ngailo alisema: andikeni mnachokiona,
si mnachokijua.
Usiandike "mtoto ana furaha."
Andika: meno manne yanaonekana, mawili juu, mawili chini,
mkono wa kulia umeshika kifuniko cha chupa.

Nina miaka thelathini na sita. Nimezaa watatu,
nimezika mmoja,
nimelea na wa dada yangu tangu hajaota jino.
Nikakaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakigusa kidevu,
nikajisemea: haya, la kufundishwa hapa ni lipi?

Saa tatu na dakika kumi. Mvua ya Tukuyu
inapepeta maharage juu ya bati.
Mtoto T. (majina hayaandikwi, tumeagizwa),
miezi kumi na tisa, sweta ya kijani, kifungo cha pili hakipo.
Anavuta kigoda.
Anaacha.
Anatazama mlango.
Anavuta tena.

Nikaandika: "anamtafuta mama yake."
Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.
Nikaandika upya, pembeni ya tundu:
anatazama mlango mara sita ndani ya dakika nne.

Mama yake yupo ng'ambo ya uwanja, darasa la umeme wa majumbani,
anafunga soketi kwenye ubao. Ana miaka kumi na tisa.
Tumbo lilimtoa shule, chuo cha wananchi kimemrudisha
yeye na mtoto wake mgongoni.
Hilo nalijua. Silioni. Siliandiki.

Saa tatu na dakika ishirini na tatu.
Mtoto anakuja, anaweka kifuniko juu ya goti langu.
Kanuni ya nne: mtazamaji hashiriki.
Nikaikalia mikono yangu.
Akakichukua. Akaenda hatua tatu. Akarudi, akakiweka tena.

Jumamosi nilikwenda Kiwira kwa mama, na fomu nyingine:
Historia ya Ukuaji Wangu, kurasa mbili.
Alikuwa anamenya ndizi, maganda yakiangukia kwenye beseni la ng'ombe.
"Mama, nilikaa nikiwa na miezi mingapi?"
Akacheka. "Unataka kurudi tumboni?"
"Nilisimama dede lini?"
"Mwaka ule wa mvua ya mawe. Parachichi zilipukutika zote."
"Mwezi gani?"
Kisu kikasimama.
"Sikuwepo, mwanangu. Nilikuwa kwenye chai.
Nilikuacha umekaa, nikarudi na kapu langu, nikakuta unatembea.
Muulize Bibi Sekela, yeye ndiye aliyekuwa anakushikilia."
Bibi Sekela tulimzika mwaka juzi.

Nikajaza: kukaa, haijulikani.
Kusimama dede, msimu wa mvua ya mawe.
Neno la kwanza, nikaacha wazi,
kisha nikaona aibu ya ule uwazi, nikachora kistari.
Mama akauliza nimeandika nini juu yake.
Nikamsomea: "Mama, mchuma chai. Vidole vya mkono wa kulia
vina weusi usiotoka kwa sabuni."
Akavitazama kama vya mtu mwingine.
"Umeandika hilo tu?"
"Ndiyo tuliloagizwa."
"Basi ongeza kwamba nilikuwa nakimbia kurudi."
Hilo sikuliona. Nikaliandika.

Daftari limerudi leo, wino mwekundu:
maelezo mazuri, muda umezingatiwa,
ila dakika ya kumi na saba mtazamaji amevunja kanuni.
Alama mbili zimepungua.

Ni kweli. Mara ya tatu alipokileta
alikiweka, halafu hakuondoka.
Nikatoa mikono nilipoikalia. Nikakipokea.
Nikamrudishia. Akanipa. Nikampa.
Meno manne yalionekana, mawili juu, mawili chini,
na mlango haukutazamwa
hadi kengele ya saa tatu na nusu.

Wenzangu waliokatwa alama wamepanga foleni ofisini.
Mimi nimeenda kununua mhindi wa kuchoma.